Harufu Si Ushahidi

Nikiwa mwaka wa tatu chuoni, nilimsindikiza mama hadi ofisi moja ya serikali kulalamika kuhusu harufu. Tulikuwa tunakaa kwenye ploti iliyopakana na magodauni, upande wa viwandani hapa Nairobi. Kwa miezi mingi mama alikuwa akiamka usiku akikohoa, macho yakimwasha, akisema kuna kitu kinatolewa kwenye godauni lililo nyuma yetu. Alisema kinanuka kama rangi ya kucha iliyomwagikia jiko la moto. Mimi nilikuwa nalala hosteli, kwa hivyo sikuwahi kukinusa. Baadhi ya majirani walikinusa. Wengine walisema ni mtaro tu. Wengine walinyamaza kwa sababu vijana wao walipata vibarua humo ndani.

Afisa alitusikiliza, hilo sitamnyima. Aliuliza godauni ni la nani, linatengeneza nini, na harufu huja lini. Mama alijua jibu la swali la mwisho tu. Afisa akafunga faili akasema, "Mama, nakuelewa, lakini harufu si ushahidi. Leta ripoti ya maabara, tuone vile tutakusaidia."

Kwenye matatu tukirudi, mama alinung'unika njia nzima. Mimi, mtoto wa kemia, nikaona ni wajibu wangu kumfafanulia mambo. Nikamwambia, "Lakini Mum, huyo jamaa amesema ukweli. Huwezi kupeleka pua kortini." Alinitazama kidogo, akasema, "Sawa, msomi," kisha akageukia dirisha.

Ni miaka tisa sasa. Godauni lilihama, likaja la mitumba. Mama naye alirudi nyumbani Machakos. Hakuna kitu kilichowahi kuthibitishwa, wala sina namna ya kukuambia leo kama kikohozi chake kilitoka huko au hakikutoka. Lakini katika miaka hiyo yote, sentensi inayonirudia si ya afisa, ni yangu. Afisa alikuwa kazini. Mimi nilikuwa mwanawe.

Kwa hivyo swali langu ni hili: mtu akisema hewa anayovuta imeharibika, tuna deni gani kwake kabla hajatuletea ushahidi?

Nitaanza na ushahidi wenyewe, kwa sababu siku hizi ndio unaonilisha. Nafanya kazi kwenye maabara ya kukagua ubora wa bidhaa, na chombo ninachokitumia zaidi ni spektrometa ya infraredi. Niletee kipande cha plastiki nisichokijua, nakiweka mahali pake, nabonyeza, na kabla chai haijapoa skrini inanionyesha mstari wenye vilima na mabonde. Kila kitu kina mabonde yake. Nikiyasoma, najua nimeshika nini.

Infraredi ni mwanga ulio ng'ambo ya rangi nyekundu, mahali jicho letu linapoishia. William Herschel aliugundua mwaka 1800 alipoupitisha mwanga wa jua kwenye mche wa kioo, rangi zikatawanyika, akaweka kipimajoto nje kidogo ya nyekundu. Hapo hapakuwa na rangi yoyote, lakini kipimajoto kilipanda. Sasa, molekuli za gesi hazitulii. Viungo vinavyoshikanisha atomi zake ni kama springi, hujinyoosha na kujipinda, na kila springi ina mdundo wake. Mwanga wa infraredi wenye mdundo huohuo ukipita, molekuli inaumeza. Methani, kwa mfano, inameza sana karibu na mikromita 3.3. Amonia ina alama zake karibu na mikromita 10 na nusu. Ukiangalia mwanga uliopita kwenye gesi na kuuliza ni sehemu ipi imepotea, gesi inajitaja jina yenyewe, hata kama haina rangi wala harufu.

Uzuri wake ni kwamba si lazima uiguse gesi. Ardhi ina joto, na kila chenye joto kinatoa infraredi, usiku na mchana. Ukiwa kwenye ndege umeelekeza chombo chini, ardhi ndiyo taa yako. Wingu la gesi likikaa katikati yako na ardhi, linakula sehemu yake ya ule mwanga, nawe unapita juu ukichora: hapa lipo, hapa limekonda, pale limeisha. Shirika la kulinda mazingira la Marekani, EPA, lina ndege ya kazi hiyo tangu 2001. Mpango wake unaitwa ASPECT. Treni ikianguka au kiwanda kikiwaka, ndege hiyo hupita juu ya wingu na kuwatumia walio chini ramani yake, ili wajue ni mtaa gani wa kuhamisha. Hakuna zimamoto anayelazimika kuingia kwenye sumu kwanza ili ijulikane kuwa ni sumu.

Siku niliposoma kuhusu chombo hicho nilimkumbuka mama mara moja. Nikajiambia, laiti tungekuwa nacho. Kipite juu ya ploti yetu mara moja tu, halafu tumalize ubishi. Niliishi na wazo hilo muda mrefu, hadi nikasoma habari za East Palestine.

East Palestine ni mji mdogo katika jimbo la Ohio, watu wapatao 4,700. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, mabehewa 38 ya treni ya mizigo yaliacha reli hapo. Matano kati ya hayo yalibeba vinili kloridi, malighafi ya kutengenezea plastiki ya PVC, na ni gesi inayosababisha saratani. Waliokuwa wakisimamia ajali waliogopa mabehewa hayo yangelipuka, na tarehe 6 wakaamua kuyafungua makusudi na kuichoma ile gesi. Wingu jeusi likapanda juu ya mji, dunia nzima ikaliona kwenye simu. Ndege ya ASPECT iliruka tarehe 7. EPA walisema hali ya hewa haikuiruhusu kuruka siku iliyotangulia. Baadaye kulikuwa na ubishi mkubwa kuhusu kuchelewa huko, nami sina la kuongeza katika ubishi huo. Ninachokiona ni kwamba nchi yenye jicho la namna hiyo, tena limejaa mafuta uwanjani, bado wingu lililokuwa na maana kuliko yote lilipita kabla jicho halijafika. Mwaka 2024, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri ilisema kwamba kuichoma ile gesi hakukuwa na ulazima.

Watu waliruhusiwa kurudi makwao tarehe 8. Wakaanza kusema vichwa vinauma, ngozi inawasha, koo zinakwaruza. Wakajibiwa kwamba vipimo vya hewa havionyeshi kiwango cha kutisha. Ukiwa umekulia nyuma ya godauni, hiyo lugha unaijua hata ikisemwa kwa Kiingereza cha Ohio. Halafu mwezi Machi likatokea jambo. Serikali ilikuwa imetuma kikosi cha watu 15 kwenda nyumba kwa nyumba kuuliza wakazi kuhusu afya zao. Saba kati yao wakaugua wakiwa kazini: koo, kichwa, kikohozi, kichefuchefu. Wengi wao wakapata nafuu siku hiyohiyo. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hawa walikilalia siku chache tu.

Tangu hapo nilianza kukiangalia chombo changu kwa jicho lingine. Si kwamba kinadanganya. Chombo kizuri kikikuambia kimeona amonia, iko. Shida iko kwenye kile tunachokifanya kinaposema "sijaona". Sisi husikia "hakuna". Na hayo ni maneno mawili tofauti kabisa.

Acha nikupe mifano, na yote ni ya fizikia, si ya siasa. Kwanza, ukitumia joto la ardhi kama taa, unaiona gesi kwa sababu tu joto lake linatofautiana na la kilicho nyuma yake. Ikiwa baridi kuliko ardhi, inaonekana kama kivuli. Ikiwa na joto zaidi, inang'aa. Ikilingana na ardhi, inayeyuka kwenye picha. Ipo, na watu wanaivuta, lakini chombo kinaona uwanja mtupu. Zipo nyakati za siku, jua linapochwa na linapochomoza, ambapo ulingano huo huja wenyewe.

Pili, kuna gesi ambazo infraredi haizioni kamwe. Klorini ni atomi mbili zinazofanana zilizoshikana, na springi ya namna hiyo haimezi mwanga huu. Klorini ndiyo gesi iliyofunguliwa Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, ikaua askari kwenye mahandaki. Wale askari waliiona rangi yake ya kijani-njano na wakainusa. Spektrometa yangu ingewaambia hewa ni safi.

Tatu, chombo kilicho juu hakipimi unachovuta. Kinapima jumla ya gesi iliyo kati yake na ardhi. Wingu jembamba lililosimama hadi juu, na wingu zito lililolala chini kwenye kimo cha kitanda cha mtoto, yanaweza kutoa namba ileile.

Nne, na hili ndilo linalonigusa zaidi. Tangu Julai 2022, kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga kuna chombo cha NASA kinachoitwa EMIT. Kilitumwa kuchunguza vumbi la majangwa, lakini kikaonekana kinaona na methani pia. Kufikia Oktoba mwaka huohuo kilikuwa kimegundua sehemu zaidi ya 50 zinazomwaga methani kwa wingi. Moja ni jaa la taka kusini mwa Tehran, ambapo wingu lilinyooka karibu kilomita 5. Nikafikiria majaa yetu, nikafikiria Dandora, na watoto waliozaliwa hapo kando wakaambiwa wameizoea tu harufu. Lakini EMIT hutumia mwanga wa jua uliogonga ardhi na kurudi juu. Mama alikuwa akiamka saa nane usiku. Saa nane hakuna jua. Na usiku mtulivu, hewa ya chini ikiwa imepoa kuliko ya juu, gesi hailali juu ya mabati, inashuka na kukaa nasi. Kwa hivyo wakati ambao pua ya mama ilikuwa na kazi zaidi ndio wakati ambao chombo hicho kilikuwa gizani.

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi pua ni bora kuliko mashine. Pua ina aibu zake, na kama mwanakemia nitazitaja. Kaboni monoksidi haina harufu, na watu wanaolala na jiko la makaa ndani hawapewi onyo lolote. Haidrojeni salfaidi inanuka mayai viza ikiwa kidogo, lakini ikizidi inaiua pua kabla ya kukuua wewe, na mtu anadhani harufu imeisha kumbe ndiyo imekolea. Wanaofanya kazi humo ndani hawanusi tena kitu, wamezoea. Kule Owino Uhuru, Mombasa, risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri iliingia kwenye damu za watoto, na pua haiwezi kunusa risasi iliyo kwenye damu. Ni vipimo vya damu vilivyompa Phyllis Omido na majirani zake nguvu ya kusimama mahakamani, wakashinda mwaka 2020 na kupewa fidia ya shilingi bilioni 1.3, kisha kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Bila maabara wangeitwa wachochezi mpaka leo.

Pia kuna upande wa pili, na haki inataka niuseme. Lile godauni liliajiri vijana wa mtaa wetu. Huwa tunakasirika haraka hapa mjini. Nimewahi kuona kioski kikibomolewa kwa sababu ya uvumi ambao kufikia jioni ulikuwa umejulikana ni uongo. Tukisema kila anayenusa kitu anaaminiwa papo hapo, kuna mtu asiye na hatia atakayechomewa mali. Mashine inamlinda na yeye pia. Lisemwalo lipo, ndiyo, lakini kabla ya kuamua lipo wapi na limeletwa na nani, lazima mtu aende akaangalie.

Basi tatizo liko wapi? Kwa maoni yangu, tatizo ni kwamba tunaiamini pua pale inapotufaa, na kuikataa pale inapomshtaki mtu.

Fikiria mtungi wa gesi jikoni kwako. Ile gesi yenyewe karibu haina harufu. Ile harufu ya kitunguu kilichooza imeongezwa makusudi. Tarehe 18 Machi 1937, katika shule moja huko New London, Texas, gesi isiyo na harufu ilivuja chini ya jengo bila mtu kujua, ikalipuka, ikaua watu zaidi ya 290, wengi wao watoto. Baada ya hapo Texas ikaweka sheria kwamba gesi itiwe harufu, na desturi hiyo ikaenea duniani. Hebu tafakari walichokifanya. Walitafuta chombo cha kugundua gesi ambacho kila nyumba inacho tayari, hakihitaji betri, na mtu yeyote anaweza kukitumia. Wakachagua pua. Usalama wa mamilioni ya watu, wewe na mimi tukiwamo, umekabidhiwa pua ya mtu wa kawaida saa yoyote ya usiku. Ukipiga simu kusema unanusa gesi, hakuna anayekuuliza ripoti ya maabara. Unaambiwa zima moto, fungua madirisha, toka nje, tunakuja.

Tarehe 1 Februari 2024, usiku, gesi ililipuka Mradi, Embakasi. Watu walikufa, mamia wakaumia, na makwao yakaungua. Gesi ya kupikia ikivuja, wingu lake halisi halionekani. Ule ukungu mweupe unaouona ni unyevu wa hewa uliopoa ghafla. Mbele ya ukungu huo gesi inaendelea kutambaa, ikitafuta moto. Kamera ya infraredi ingeionyesha mpaka ukingo wake. Mtaani hakuna kamera hiyo. Kuna pua tu, na simu ya jirani.

Kwa hivyo pua si kitu cha mchezo. Ni mashine ya dharura ambayo ustaarabu mzima unaitegemea. Lakini pua ileile ikisema, "kuna mtu anatuletea sumu," ghafla inakuwa porojo za mama wa ploti.

Mwanafalsafa wa Uingereza, Miranda Fricker, aliandika kitabu mwaka 2007 kuhusu dhuluma ya namna hii: mtu kudhulumiwa katika nafasi yake ya kuwa mjuzi. Hakupigwa wala hakuibiwa, ila neno lake limepunguzwa uzito kwa sababu ya alivyo. Mwanamke, maskini, hana cheti, anakaa kwenye mabati. Historia ya sayansi yangu yenyewe ina doa hilo. Mwaka 1856, Eunice Foote, Mmarekani, alionyesha kwamba silinda ya kaboni dayoksidi ikianikwa juani hupata joto kuliko ya hewa ya kawaida. Matokeo yake yalisomwa mbele ya mkutano wa wanasayansi na mwanamume, kisha yakasahauliwa zaidi ya miaka mia. Miaka mitatu baadaye, John Tyndall akaanza kupima jinsi gesi zinavyomeza miali ya joto, na jina lake ndilo tulilofundishwa darasani. Sijui kama chuoni kuna aliyewahi kunitajia Foote. Na kuna jambo moja kuhusu Tyndall linalonifurahisha. Katika majaribio yake alipitisha hewa iliyobeba manukato kwenye chombo chake, akakuta harufu hafifu kabisa inameza miali ya joto mara nyingi kuliko hewa tupu. Yaani mmoja wa waanzilishi wa fani hii alikaa maabara akipima harufu, na aliona ni sayansi.

Hapa kwetu tulikuwa na Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Watu walipodai kwamba Mwafrika hana falsafa kwa kuwa hakuiandika, yeye alienda vijijini kuzungumza na wazee wenye hekima, wanaume kwa wanawake, akarekodi. Ninachokipenda ni kwamba hakumwamini kila mzee kwa sababu ya mvi. Aliwauliza maswali, akawapinga, akataka sababu. Alitofautisha anayerudia tu yaliyosemwa na anayeweza kuyapima mwenyewe. Hiyo kwangu ndiyo heshima. Ukimwambia mtu "nakuamini" halafu usimuulize lolote, umempooza tu. Na ukimwambia "leta ripoti", umemfukuza. Kumheshimu kama mjuzi ni kumuuliza: ilianza saa ngapi? Upepo ulikuwa unatoka wapi? Nani mwingine aliamka?

Sheria yetu iko karibu na hapo kuliko tunavyodhani. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinasema unaweza kwenda mahakamani haki hiyo ikikiukwa au ikitishiwa, na ibara yake ya tatu inaongeza kwamba si lazima uonyeshe kuwa kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Nilipoisoma mara ya kwanza nilirudia mara tatu. Walioiandika walielewa kwamba mwenye mapafu na mwenye bomba la kutolea moshi hawana uwezo sawa wa kukusanya vipimo, na kwamba kumsubiri mama augue vya kutosha ili ahesabike ni ukatili.

Jibu langu la swali nililoanza nalo, basi, ni hili. Anayelalamika anadaiwa ukweli wa alichokihisi, basi. Hadaiwi jina la kemikali wala namba. Mwenye chombo ndiye anayedaiwa kuamka na kwenda, na anayemwaga kitu hewani ndiye anayedaiwa kueleza anamwaga nini. Malalamiko si hukumu, kwa hivyo hayatoshi kumfunga mtu. Lakini yanatosha kabisa kumtoa mtu kitandani. Afisa angesema, "Mama, harufu si hukumu, lakini tutakuja Ijumaa usiku," hangekuwa amevunja kanuni yoyote ya sayansi.

Na tungejua ni Ijumaa. Hili nimelijua juzi tu. Baada ya ile siku ya matatu, mama alinunua daftari dukani, la kurasa 96, akaanza kuandika. Hakuniambia. Nilimwona nalo Krismasi iliyopita akitafuta risiti ya mbolea. Ndani kuna tarehe, saa, na maneno machache: "Saa nane kasoro. Upepo wa kutoka reli. Mama wa nyumba ya pili pia ameamka." "Saa saba. Mvua, hakuna." "Saa nane. Macho." Nilikaa nalo usiku kucha nikihesabu. Nyingi ni Jumanne na Ijumaa. Upepo ukitoka upande wa reli, harufu ipo, ukigeuka, haipo. Kazini ningeletewa kumbukumbu kama hizo ningezisifu. Rubani wa ndege yoyote angezihitaji kabla ya kuwasha injini, kwa sababu jicho la bei ghali halina faida usipojua uliruke usiku upi na uje upande gani.

Asubuhi nilimwambia, "Mum, hii ingetosha. Mbona hukunionyesha? Ningekuamini."

Alikuwa anapepeta mchele. Akasema, "Mimi sikutaka uniamini. Nilitaka uje ulale hapo usiku mmoja tu."

Sikuwa na la kujibu, na sina mpaka leo. Hosteli ilikuwa nauli ya shilingi hamsini kutoka kwetu.

Mwezi uliopita, kwenye grupu la WhatsApp la mtaa ninaokaa sasa, mpangaji wa chini aliandika saa tano usiku kwamba ananusa kitu kama plastiki kinaungua. Wawili wakamtumia vikaragosi vya kucheka. Nilivaa ndala nikashuka. Tulisimama naye getini kama robo saa. Mimi sikunusa chochote. Nikamuuliza imeanza lini, na upepo ulikuwa unatoka wapi, nikaandika kwenye simu, nikamwambia ikirudi anigongee mlango.